UZI: Shaba ya Katanga ilianza kama mchanga, tope na chumvi. Njooni tusome matabaka

kokoto_na_kalamu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni nyote.

Alhamisi nilikuwa nje ya jengo moja Kilimani namngoja mtu, macho yakawa chini. Njia ya kuingilia imesakafiwa kwa mazeras, yale mawe bapa ya rangi ya kutu na maziwa ambayo siku hizi kila mjengo Nairobi unayo. Jiwe moja lilikuwa na viwimbi. Viwimbi hivyo vilichorwa na maji: vimepangana sambamba, vidole viwili kati ya mgongo mmoja na mwingine, sawasawa na vile unavyoviona Pwani bahari ikishakupwa. Nilichuchumaa nikapitisha kidole. Upande mmoja wa kila kiwimbi una mteremko mrefu, wa pili umekatika ghafla, kwa hiyo hata mwelekeo wa mkondo unasomeka. Maji yale yalipita kule ambako leo tunaita Mariakani na Mazeras zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na alama yake watu wanaikanyaga wakienda kuchukua gari.

Hapo nikaamua kuandika uzi huu niliouahidi muda mrefu.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye ukanda wa shaba, upande wa Katanga, kusini mwa Kongo, na upande wa Zambia, kazi yangu ikiwa kusoma kore. Kwa asiyejua: mashine hutoboa ardhi na kutoa mwamba mzimamzima, mviringo kama mchi, ukapangwa kwenye masanduku kwa mfuatano wa kina chake. Wewe unatembea kando ya masanduku na ndoo ya maji, brashi, lenzi na chupa ndogo ya tindikali, ukiandika mita kwa mita unachokiona. Maji ni muhimu kuliko vyote. Kore kavu ni kijivu tu. Imwagie maji, na matabaka yanajitokeza kama uso wa mtu aliyeamka.

Ninalotaka kusema ni moja. Wengi wetu tukisikia shaba ya Kongo tunafikiria moto wa chini ya ardhi na mishipa ya madini kwenye nyufa, kama dhahabu ya Migori. Shaba ya Katanga na Zambia kwa sehemu kubwa imelala ndani ya matabaka ya mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotuama vikawa mawe, imefuata matabaka hayo kwa makilomita, na ukitaka kujua iko wapi lazima ujue kwanza mahali pale palikuwa nini zamani: kijito, ufuo, wangwa, bahari au barafu. Neno wangwa nitalirudia sana. Wapwani wanalijua: ni ile nchi tupu yenye chumvi ambayo bahari huifunika na kuiacha.

Tuanze chini kabisa. Itale la Nchanga, Zambia, ni miongoni mwa miamba ya msingi ambayo mashapo yale yamelala juu yake, na umri wake umepimwa kuwa takriban miaka milioni 883. Basi matabaka yote ya juu yake ni machanga kuliko hapo. Wakati ule bara lilikuwa linapasuka, mabonde ya ufa yanafunguka. Jaribuni kuiona nchi ile: vilima vya itale, mvua ikinyesha kwa nguvu, na hakuna mti, hakuna nyasi, hakuna jani hata moja nchi kavu. Mimea ya nchi kavu ilikuwa bado mamia ya mamilioni ya miaka ije. Mito haikuwa na mizizi ya kushika kingo, ikatapakaa ovyo na kumwaga kokoto na mchanga mwekundu. Kwenye kore mchanga huo unauona umelala mshazari, tabaka dogo limeegemea jingine. Mahali pengine mishazari ni mikubwa na chembe ni za mviringo safi: hayo yalikuwa matuta ya mchanga wa upepo.

Mwekundu, zingatieni hapo. Wekundu ni kutu ya chuma. Kutu maana yake oksijeni ilipita. Shikilieni hilo, tutalirudia.

Kisha bonde likaendelea kuzama na bahari ikaingia. Mashapo yanabadilika mbele ya macho yako, wakati mwingine ndani ya sanduku moja la kore: mwekundu unakwisha, kijivu kinaanza, halafu nyeusi. Tope laini, lililotulia kwenye maji yasiyo na hewa, limejaa mabaki ya viumbe. Viumbe gani? Vijidudu tu, kwa sababu hakukuwa na samaki wala konokono. Katikati ya matope hayo kuna dolomiti, jiwe ndugu wa chokaa, iliyojengwa na utando wa vijidudu, tabaka juu ya tabaka, ikaumuka vibiongo kama maandazi. Na kuna alama za chumvi na jasi kila mahali, dalili ya wangwa uliokauka na kulowa, ukakauka tena.

Katika mpaka huo, wekundu unapokutana na weusi, ndipo shaba ilipo. Zambia tabaka la tope lenye mbale, yaani mwamba wenye madini ya kutosha kuchimbwa, limefuatwa kutoka Luanshya na Nkana mpaka Konkola. Katanga kuna matabaka mawili ya mbale, kila moja la mita kumi hivi, na kati yao dolomiti ya vibiongo niliyoitaja, ambayo imejaa matundu. Wachimbaji wa kule wanayaita kwa vifupi vya Kifaransa: RSF ni mbale ya chini, RSC ni ile dolomiti ya matundu, SDB ni mbale ya juu, na hata kijana ambaye hakumaliza shule ya msingi atakuambia "hapa tuko RSF, tukivuka RSC tutaingia SDB." Sijaona kwingine elimu ya matabaka ikiwa mdomoni mwa watu hivyo.

Nitaendelea na chumvi na barafu. Kwanza maswali.

fundi_mota

Mzee kokoto, mimi nasuka mota Kirinyaga Road mwaka wa kumi na tisa huu. Shaba nimeishika kila siku ya Mungu lakini sijawahi kuiona ikiwa jiwe. Swali langu ni la hesabu. Mota ya pampu naivua kama kilo nne za waya. Hizo kilo nne zimetoka kwenye mwamba kiasi gani?

kokoto_na_kalamu

Fundi, shukrani, swali hili ndilo linaloeleza kwa nini Katanga inapiganiwa. Mbale ya asilimia 3 maana yake kila tani ya mwamba ina kilo 30 za shaba. Kilo zako nne zinahitaji mwamba kama kilo 133, tuseme mikokoteni miwili ya kusukumwa kwa mkono, na hapo nimechukulia hakuna kinachopotea kiwandani. Machimbo mengi makubwa duniani leo yanachimba mbale ya chini ya asilimia 1. Ikiwa ni nusu ya asilimia, kilo zako nne zinataka mwamba kilo 800. Katanga asilimia 3 ni kawaida, na zipo sehemu zinazopita 5.

Sababu ya utajiri huo ni mashapo yenyewe. Tabaka la tope jeusi ni kama chujio lililotandazwa kwa makilomita. Kila maji yenye shaba yaliyopita pale yaliacha mzigo.

kijana_wa_embakasi

Yaliacha mzigo kwa nini? Hapo umeruka.

kokoto_na_kalamu

Kweli nimeruka. Nieleze.

Shaba kidogokidogo imo kwenye miamba mingi, kwenye chembe za itale na za lava. Maji ya kawaida hayaibebi kwa wingi. Lakini maji ya chumvi kali, yenye oksijeni, yakizunguka kwenye mchanga mwekundu uliofukiwa, yanaweza kuing'oa na kuibeba, shaba ikiwa imeshikana na klorini ya chumvi. Ndiyo maana niliwaambia mshikilie wekundu: mchanga mwekundu ulikuwa bomba. Chumvi je? Ilitoka kwenye zile nyangwa zilizokauka. Na yale maji yakifika kwenye tope jeusi lenye mabaki ya viumbe na salfa, hali inageuka ghafla. Oksijeni inaliwa, shaba inaachana na klorini, inaikamata salfa, inakuwa jiwe.

Vitu vinne basi: mchanga wa kubeba, chumvi ya kung'oa, tope la kukamata, na bonde linalozama ili yote yafukiwe na kupata joto. Kimoja kikikosekana unabaki na mawe mazuri tu. Poland na Ujerumani wana tabaka la namna hiyohiyo, tope jeusi jembamba juu ya mchanga mwekundu, nao wamelichimba tangu zama za kati.

nyundo_na_dira

Uzi mzuri, lakini kaka tahadhari. Umewaambia watu shaba "imelala ndani ya matabaka" na msomaji atadhani ilitua pamoja na tope chini ya bahari. Nadharia hiyo ilitawala miaka ya 1960, mwanajiolojia Garlick akiwa mtetezi wake mkubwa Zambia. Tangu hapo tumeona mishipa ya shaba inayokata matabaka, tumeona madini ya shaba yamekalia nafasi ya vinundu vya anihidraiti, ndugu wa jasi, na tumeona mpaka wa mbale ukipanda na kushuka bila kuheshimu tabaka. Shaba ilikuja baadaye, mashapo yakiwa yamekwisha kufukiwa. Na mengine yalisogezwa tena mabara yalipogongana na kukunja ukanda ule wote.

kokoto_na_kalamu

Nyundo, asante, na nakubaliana nawe karibu yote. Niseme wazi kwa wasomaji: tabaka ni la kale, shaba iliingia baadaye, na iliingia zaidi ya mara moja katika kipindi kirefu sana.

Lakini Garlick simwachi aende mikono mitupu. Yeye aliona kwamba ukitoka kwenye ufuo wa zamani kuelekea maji ya kina, madini yanabadilika kwa mpangilio, kutoka yenye shaba nyingi hadi yenye kidogo: kalkositi, kisha borniti, kisha kalkopiriti, mwisho piriti, ya chuma na salfa, isiyo na shaba. Akasema bahari ndiyo iliyopanga. Leo tunasema maji yaliyopenya baadaye ndiyo yaliyopanga, maana shaba ilizidi karibu na mlango wa kuingilia na ikapungua kadiri ilivyosonga. Hata hivyo mlango wenyewe uliwekwa na ufuo! Mchanga uliishia ufuoni, tope lilianzia hapo. Kwa hiyo mtu aliyekosea sababu alikuwa amechora ramani sahihi, na machimbo yaliongozwa na ramani hiyo. Mimi nikisoma kore bado naanza na swali lake: ufuo ulikuwa wapi?

nyundo_na_dira

Hapo sawa. Waeleze na machimbo ya Kamoa, ndiyo yanayothibitisha.

kokoto_na_kalamu

Naam. Juu ya matabaka tuliyoyataja kulikuja jambo kubwa: barafu. Takriban miaka milioni 717 iliyopita dunia ilipoa vibaya mno, barafu ikafika hata kwenye nchi za joto. Katanga barafu hiyo imeacha tabaka nene la tope lililojaa mawe ya kila ukubwa na kila aina, yamechanganywa kama kokoto kwenye zege. Wafaransa na Wabelgiji waliliita Grand Conglomérat. Baadaye, karibu miaka milioni 635 iliyopita, barafu ya pili ikaacha Petit Conglomérat. Majina hayo mawili ndiyo yanayogawa mfuatano mzima wa Katanga katika makundi matatu: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu.

Kwa miongo mingi watu walitafuta shaba kwenye Roan, yale matabaka ya nyangwa. Tabaka la barafu walilipita tu. Kamoa na Kakula, kilomita kama 25 magharibi ya Kolwezi, shaba iko kwenye kitako cha Grand Conglomérat! Chini yake ni mchanga ambao maji ya shaba yalipita, na lile tope la barafu lilikuwa na piriti nyingi, likafanya kazi ileile ya kukamata. Kakula ilitangazwa 2016, uzalishaji ukaanza Mei 2021, na leo ni miongoni mwa machimbo makubwa ya shaba duniani. Waliolipata waliacha kuuliza "RSF iko wapi?" wakauliza "ni wapi pengine maji ya oksijeni yalikutana na mwamba wa kuyapinga?" Jina la tabaka lilibadilika, kanuni haikubadilika.

mwalimu_rongai

Ndugu kokoto, shikamoo ya heshima kwa kazi hii. Nafundisha jiografia kidato cha pili na cha tatu. Miamba ya mashapo naifundisha kwa mchoro ubaoni, wanafunzi wanakariri "mchanga, chokaa, makaa" wanaandika kwenye mtihani wanasahau. Katanga siwezi kuwapeleka. Je, kuna mahali karibu na hapa wanaweza kuona bonde la namna hiyo?

kokoto_na_kalamu

Mwalimu, marahaba, na swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu wewe unakaa mlangoni kabisa. Barabara ya Magadi inapita mbele yako.

Panda matatu au basi la shule, pita Kiserian, teremkeni Corner Baridi. Hapo bonde linafunguka mbele yenu ngazi kwa ngazi. Kila ngazi ni ufa ambao nchi imezama. Waambie wasimame watazame: Katanga ilianza hivi.

Endeleeni mpaka Olorgesailie. Watu huenda pale kwa ajili ya shoka za mawe za watu wa kale, na wana haki, lakini wewe wageuze wanafunzi watazame ukuta wa korongo. Kuna matabaka meupe kama unga wa mahindi. Hiyo ni diatomiti, maganda ya mwani mdogo sana aliyeishi kwenye ziwa. Juu yake au chini yake kuna mikanda ya kahawia na nyekundu: ziwa lilikauka, udongo ukaumbika, maji yakarudi. Na kuna mikanda ya majivu ya volkeno. Matabaka hayo yanaanzia karibu miaka milioni 1.2 iliyopita. Mpe kila mwanafunzi mita moja ya ukuta aichore na aandike kando: maji, nchi kavu, maji, majivu. Wakimaliza watakuwa wamefanya kazi niliyokuwa nikilipwa kuifanya.

Kisha Magadi yenyewe. Ziwa lile ni magadi yaliyoganda, meupe na waridi, unatembea juu yake inatoa sauti chini ya kiatu. Pembeni tope limekauka likapasuka mabamba. Angalieni mpasuko mmoja kwa karibu: juu ni mpana, chini unakwenda ukifinyika, na upepo umeujaza mchanga. Mpasuko huohuo, umbo hilohilo, nimeuona kwenye kore ya umri wa zaidi ya miaka milioni 700. Gumegume linalotengenezwa na maji yale limewafundisha wanajiolojia wa dunia nzima, na madini ya magadiiti, yaliyotangazwa 1967, yamepewa jina la ziwa letu.

Tofauti iko, uwaambie pia. Magadi hupata maji yake kwenye chemchemi za moto zenye magadi, na bahari haijawahi kuingia. Katanga bahari iliingia, chumvi ikawa ya bahari, na miaka ikawa mamia ya mamilioni. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuwauzia wanafunzi wako hisa za shaba ya Magadi.

kijana_wa_embakasi

Na Kenya kwa jumla? Hatuna kabisa?

kokoto_na_kalamu

Tulikuwa na machimbo ya Macalder kule Migori, yalitoa shaba na dhahabu mpaka miaka ya 1960. Lakini ile ilizaliwa na volkeno za chini ya bahari, miamba mizee kuliko ya Katanga mara tatu. Familia nyingine kabisa.

mwalimu_rongai

Swali la mwisho. Ule mpasuko wa tope unaufuatilia kwa nini? Ni pambo tu au una kazi?

kokoto_na_kalamu

Una kazi kubwa sana. Nitakueleza kisa.

Katanga, mwaka wangu wa kwanza. Shimo moja lilinikataa. Nilitarajia kadiri ninavyoshuka nikute SDB, kisha RSC, kisha RSF, mwisho RAT, tabaka jekundu la chini ya yote hayo. Nikakuta RAT juu na SDB chini, kinyume chake. Nikasema masanduku yamepangwa vibaya, nikawafuata wachimbaji nikiwa na hasira. Mzee mmoja aliyekuwa akisimamia mashine hakunijibu. Alinionyesha vibao vya kina ndani ya kila sanduku: mita 40, mita 43, mita 46, vyote mahali pake, mwandiko wake. Akamwaga maji kwenye kipande kimoja akakiweka mbele yangu. Mpasuko wa tope ulikuwa hapo, wazi. Ncha ilielekea juu, mdomo ulielekea chini.

Masanduku yalikuwa sawa. Ardhi ndiyo iliyopinduka.

Na hapa ndipo chumvi inaporudi. Ile chumvi ya nyangwa ilikuwa nene, na chumvi ikifukiwa chini ya uzito hutiririka polepole kama unga uliokandwa maji mengi. Ilipopanda ilibeba vipande vya matabaka, vingine vya urefu wa kilomita, ikavisukuma na kuvilaza ubavu au kichwa chini. Baadaye mabara yakagongana, mikunjo ikaongezeka. Chumvi yenyewe karibu yote imeyeyuka ikaenda zake, imebaki takataka ya mawe yaliyovunjika, na ndani yake vile vipande vikubwa vinaelea kama visiwa. Vilima vingi vya shaba kati ya Kolwezi na Likasi ni vipande hivyo. Ukichimba kisiwa bila kujua juu ni wapi na chini ni wapi, utaikimbia mbale badala ya kuifuata. Mzee yule nilimwomba radhi siku ileile, na tangu hapo sijawahi kusoma sanduku bila kutafuta kwanza alama ya juu.

binti_likasi

Jamani nasoma uzi huu nikiwa kwenye matatu ya Kasarani na machozi yananilenga. Mimi ni wa Likasi, nimezaliwa kule, nimekaa Nairobi mwaka wa kumi na mbili. Baba yangu alifanya kazi ya machimbo maisha yake yote.

Kwetu shaba tunaiita mukuba. Bazee banasema kulikuwa na watu walioitwa wala-mukuba, waliojua kuyeyusha lile jiwe la kijani kwenye tanuri la udongo wa kichuguu na kumimina misalaba midogo. Misalaba hiyo ilikuwa pesa, ilizikwa na watu makaburini karne nyingi kabla Wabelgiji hawajafika. Halafu akaja Msiri na Wayeke wake kutoka huku mashariki, na njia ya misafara ikaleta Kiswahili. Mobutu alipobadilisha majina mkoa wetu wote uliitwa Shaba, neno la Kiswahili, mpaka 1997.

Baba hakuhitaji mashine kuijua ardhi. Alituonyesha vilima visivyo na miti katikati ya msitu, na ua dogo linalopenda udongo ambao mimea mingine inaukimbia. Akasema, pale ua hili linapoota, usilime, chini kuna mukuba.

kokoto_na_kalamu

Dada, karibu sana, na pole kwa machozi hayo. Baba yako alikuwa sahihi kabisa. Ua hilo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, na watafutaji wa madini wamelifuata kama ramani. Jiwe la kijani ni malakiti, na hiyo ni sura ya shaba baada ya mvua na hewa kuifikia. Chini zaidi ni salfidi, shaba iliyoshikana na salfa, za rangi ya chuma na dhahabu iliyopauka.

binti_likasi

Nina jiwe lake. Nilipoondoka alinipa, akaniambia nisiliuze wala kulisafisha. Liko nyumbani, linashikilia mlango wa sebule usipigwe na upepo. Ukubwa wa mkate. Ni la kijivu, gumu, lina matundu mengi, na matundu mengine yamejaa kijani. Nimekuwa nikidhani ni jiwe bovu la kiwandani kwa sababu ya matundu. Hilo nalo ni tabaka gani?

kokoto_na_kalamu

Unielezee zaidi. Lina mistari? Na ukikwaruza unga kidogo ukautia siki au maji ya limau, unatoa povu?

binti_likasi (siku iliyofuata)

Nimefanya. Nimekwaruza kwa kisu chini ambako hakuonekani, baba anisamehe. Limau limetoa povu dogo sana, mpaka niweke sikio. Mistari ipo, myembamba, mingi kama kurasa za kitabu kilicholowa. Haijanyooka, inajipinda. Imepanda imeshuka, imepanda imeshuka.

kokoto_na_kalamu

Povu dogo kwenye unga, na jiwe lenyewe gumu: dolomiti iliyoingiwa na silika, madini magumu yanayounda mchanga. Mistari inayoumuka na matundu: dada, ninavyolisoma hilo ni RSC, ile dolomiti ya katikati kati ya matabaka mawili ya mbale. Kila mstari ni utando mmoja wa vijidudu waliokuwa wakitafuta jua kwenye maji ya kifundo cha mguu. Tope likawafunika, wakapanda juu yake, wakafunikwa tena. Baadhi ya matundu ni nafasi za vitu vilivyoyeyuka, na malakiti iliingia humo baadaye sana. Si jiwe bovu. Baba yako alikupa ufuo mzima.

Nina ombi moja. Itazame ile mistari kwa ubavu. Vijidudu wale walijenga kuelekea kwenye mwanga, kwa hiyo migongo ya vibiongo huelekea juu. Jiwe lako likiwa limekaa pale mlangoni, migongo inaelekea wapi?

fundi_mota

Nami nangoja jibu hapa, kazi nimeiweka chini.

binti_likasi

Inaelekea sakafuni. Miaka kumi na mbili yote limekaa kichwa chini.

Nimeligeuza sasa hivi. Nimemwita na mtoto aje aone.